Nimekulia Mwadui na almasi sikuiona

Nikisema nimekulia Mwadui, watu hunitazama vidole. Wengine hucheka: "Basi nyinyi mlikuwa mnacheza bao kwa almasi." Mwenzangu mmoja wa kazini aliwahi kuniuliza, tena kwa kunong'ona kana kwamba ofisi nzima ni polisi, kama mzee hakuacha chochote chini ya godoro. Mzee aliacha redio ya mbao, spana zake na deni la mbuzi. Mimi nimezaliwa hospitali ya mgodi, nikasoma shule ya mgodi, nikanywa maji ya mgodi, lakini almasi ghafi nimekuja kuiona nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nje ya uzio, mezani kwa dalali mwenye leseni pale Maganzo. Alipoikunjua kutoka kwenye karatasi nikadhani ananitania. Ilikuwa kama kipande cha shabu, ile ya kinyozi: kijivujivu, haing'ai, haina habari. Nikaigusa kwa ncha ya kidole nikamrudishia haraka. Malezi hayaondoki.

Malezi yenyewe yalikuwa amri moja tu: usiokote. Watoto wa kwingine hukatazwa kuokota pesa ya njia panda kwa kuogopa uchawi. Sisi tulikatazwa kuokota jiwe. Ukirudi nyumbani na kokoto mfukoni, mama anakugeuza mifuko nje pale pale mlangoni, anazitupa, ndipo unaingia. Ndiyo maana mdako tuliucheza kwa mbegu za ubuyu. Kukutwa na almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai hadi leo, na mama, ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria, aliijua hiyo kuliko wakili. "Jiwe si lako," alikuwa akisema. "Hata likikugonga mguu, si lako. Ruka, nenda zako."

Kwa wasiopajua: Mwadui iko wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Ukitoka Shinyanga mjini unashika barabara ya Mwanza, na kabla hujachoka kukaa kwenye basi unafika Maganzo. Hapo unashuka, unaingia ndani kuelekea mgodini. Nchi ni tambarare, udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika, pamba, mtama, ng'ombe wengi na mibuyu. Hakuna mlima wa kukuonyesha kwamba kuna kitu chini. Ndiyo maana kilikaa chini muda mrefu.

Aliyekitoa ni John Williamson, Mkanada wa Quebec aliyezaliwa 1907, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha McGill. Kabla ya hapo alihangaika na mgodi uliochoka wa Mabuki, upande wa Mwanza, na kutafuta huku na huku akiwa na homa na madeni. Machi 1940 akapata alichokuwa akikitafuta. Hadithi ya mahali penyewe ina mbuyu ndani yake, na kila mzee wa Mwadui niliyewahi kumsikia ana mbuyu wake wa kukuonyesha. Nimeonyeshwa mibuyu ya kutosha kufungua msitu. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba Williamson hakuwa na fedha za kuchimba peke yake, na wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, akamsaidia kwa sheria na kwa fedha, naye akapata hisa. Mkanada mgonjwa na wakili Mhindi, katikati ya vita vya dunia, wakaanzisha mji kwenye mbuga ya Wasukuma. Kampuni kubwa za almasi zilimzengea miaka na miaka ili auze, akakataa. Aliwahi hata kugoma kuwauzia mawe yake kwa bei walizotaka wao. Alikufa Januari 1958 akiwa na miaka 50 tu, hana mke wala mtoto, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Kitu walichokalia ni mdomo wa volkano ya zamani uliojaa mwamba wa kimbalaiti, wenye eneo la hekta 146, yaani ekari 360 na ushei. Miamba ya namna hii mingi duniani haina almasi kabisa, na yenye almasi mingi ni midogo. Huu wa Mwadui ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa kwa faida. Ukisikia hivyo unadhani almasi zinakanyagwa. Hesabu yake ni nyingine kabisa. Karati moja ni gramu 0.2. Mwadui ukisaga tani 100 za mwamba unapata karati kama 6 hivi. Yaani malori kumi ya tani kumikumi yanajaa, yanamwaga, mawe yanavunjwa, yanasagwa, yanaoshwa, na mwisho wa kelele zote hizo una gramu moja na kitu kidogo juu.

Baba alikuwa fundi wa mikanda na pampu. Alitoka Tabora miaka ya 60, kijana, akaajiriwa, akamwoa mama katika kijiji cha jirani, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuhakikisha mwamba hausimami njiani. Alitueleza mlolongo wote kwa mdomo na mikono, sahani za chakula zikiwa ndiyo mitambo. Hapa krasha inavunja. Hapa maji yanaosha. Hapa changarawe inaingia kwenye maji mazito yaliyotiwa unga wa ferosilikoni, mawe mepesi yanaelea yanatupwa, mazito yanazama, na almasi iko kwenye mazito. Halafu kuna mambo mawili aliyoyapenda sana, akayasimulia kama miujiza. La kwanza, almasi haipatani na maji bali inapatana na grisi: ukimwaga changarawe na maji juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yanateleza yanakwenda, almasi inanasa. La pili, ukiimulika kwa eksirei inawaka, na mashine ikiona ule mwanga inapuliza pumzi ya upepo, jiwe linarukia upande wake. Ukimuuliza baba, "Sasa baba, umeiona inavyowaka?" anajibu bila kona: "Mimi ni wa mikanda." Chumba cha mwisho kilikuwa na watu wake, milango yake na ukaguzi wake. Kazini maisha yake yote alisukuma mzigo kuelekea kwenye chumba ambacho hakukikanyaga, wala sikumsikia akilalamika. Sisi ndio tulioona ajabu.

Sasa kota. Nyumba zilipangwa kwa vyeo, na mpango huo ulirithiwa tangu ukoloni, ambapo Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na upande wake. Serikali ilipouchukua mgodi mwanzoni mwa miaka ya 70 rangi ya ngozi ikaondoka kwenye hesabu, vyeo vikabaki. Ukiambiwa fulani anakaa mtaa gani, tayari unajua baba yake anapokea mshahara wa aina gani na mboga yao ya Jumapili. Na watoto tuliitwa kwa idara. Mimi nilikuwa mtoto wa Wekshopu. Kulikuwa na watoto wa Hospitali, waliojifanya wanajua dawa zote, na watoto wa Ulinzi, ambao hakuna aliyewapiga.

King'ora cha shifti ndicho kilichokuwa saa yetu. Hakuna aliyehitaji saa ya mkononi, na sijui kama mama alijifunza kusoma saa ya ukutani kabla hajahama pale. Ugali ulisongwa kwa king'ora, watoto waliogeshwa kwa king'ora, hata jogoo wetu nadhani aliacha kuwika kwa kuona hana kazi. Baba akiwa shifti ya usiku, mchana tulitembea kwa vidole, redio inazimwa, na jirani akigombana na mkewe kuna mtu anatumwa kwenda kuwaambia wagombane kwa sauti ya chini kwa kuwa fulani amelala. Mtaa mzima ulijua nani yuko shifti gani. Hiyo ni heshima ambayo sijaikuta tena mahali popote.

Na kila kitu kilikuwa cha kampuni. Kitanda cha kampuni, meza ina namba ya kampuni kwa rangi nyeupe chini yake, bomba la kampuni, umeme wa kampuni. Balbu ikiungua huendi dukani. Unaandikisha ofisini, anakuja fundi na ngazi yake. Kaka yangu alipohamia Mwanza kuanza maisha, balbu ya chumba chake ilipoungua alimwandikia mwenye nyumba barua. Barua kabisa, yenye "Yah:" na mstari chini yake. Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kikerewe, aliihifadhi na alikuwa akiwasomea wageni.

Nje ya uzio mambo yalikuwa mengine, na tofauti yake niliiona kwa bibi, mama yake mama. Kijijini kwake taa ilikuwa koroboi, maji ni ya kisima cha kuchimba mtoni. Miaka ya mwanzo ya 80, bidhaa zilipoadimika nchi nzima na sabuni ikawa ya kuhadithiwa, duka letu la ndani nalo lilikaukiwa mara kwa mara, lakini zikija bidhaa zilikuja kwa mgawo na majina yetu yalikuwamo kwenye daftari. Kwa hiyo bibi alikuwa na safari zake. Anakuja na michembe kwenye kikapu, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, pamoja na karanga na mlenda mkavu. Anaondoka na sukari na kipande cha sabuni. Kuingia anaandikwa: jina, anakotoka, anakwenda nyumba namba ngapi. Kutoka anakaguliwa, kama sote tulivyokaguliwa.

Siku moja nilimsindikiza hadi getini. Ilikuwa ule mwaka wa 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi imepamba moto, watu wanatupa mizigo yao vichakani kwa kuogopa kukamatwa, na sukari ya bibi ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikapu. Askari alikuwa kijana, mstaarabu, akamwamkia bibi shikamoo vizuri kabisa. Akafungua kitambaa, akachovya vidole kwenye sukari, akavizungusha polepole mpaka chini, jinsi alivyofundishwa, maana sukari ni mahali pazuri pa kuficha kitu kidogo. Bibi akamtazama hadi alipomaliza. Akamwambia, "Mjukuu wangu, kama ulitaka kulamba si ungesema nikupe." Foleni yote ikacheka, askari mwenyewe akacheka, akakung'uta vidole juu ya kitambaa ili punje zirudi. Bibi alikunja mzigo wake akaenda zake. Lakini kulala ndani, tangu namjua hadi anakufa, hakulala. Alisema hawezi kulala mahali ambapo usiku akitaka kwenda kwao anahitaji ruhusa.

Maganzo ilikuwa upande wa pili wa maisha yetu. Ndani kulikuwa na lami, miti iliyopandwa kwa mstari, kiwanja cha ndege. Maganzo kulikuwa na kila kitu ambacho ndani hakikuruhusiwa: pombe ya kienyeji, muziki hadi asubuhi, nyama choma, madalali wa almasi wenye leseni na madalali wasio na chochote ila miwani ya jua. Wachimbaji wadogo waliotafuta mawe maeneo ya nje ya mgodi waliuzia pale. Kulikuwa na wabeshi pia, vijana wanaoingia usiku ndani ya eneo la mgodi kuchekecha mchanga uliokwishapita mtamboni, wakiamini mashine inabakiza. Na mashine inabakiza kweli, hasa mashine za zamani. Baba aliwahi kusema mchanga wa miaka ya Williamson una mawe ambayo mitambo ya wakati ule iliyaacha. Alisema mara moja tu. Mama alimkata jicho, mazungumzo yakahamia kwenye mvua.

Kuhusu wabeshi sitasema mengi kwa wepesi, kwa sababu kuna watu waliumia na wengine walikufa kwenye ile habari ya kukimbizana usiku, na si jambo la kufanyia mzaha. Lilifika hadi London. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa inamiliki hisa nyingi za mgodi wakati huo, ilifikia makubaliano nje ya mahakama na walalamikaji 71, katika mpango ulioigharimu pauni milioni 4.3 kwa jumla. Niliposoma hiyo habari kwenye simu niliwaza kwanza mama na mifuko yetu aliyokuwa akiigeuza mlangoni. Tulimwona mkali kupita kiasi.

Jiwe maarufu kuliko yote yaliyotoka pale ni lile la waridi. Lilipatikana 1947, likiwa ghafi karati 54.5. Williamson akampa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, kama zawadi ya harusi. Likakatwa London likabaki karati 23.6, na 1953 masonara wa Cartier wakalitia katikati ya pini ya kifuani yenye umbo la ua. Malkia aliivaa miaka yote hadi uzeeni. Baba alikuwa na picha yake, imekatwa kwenye gazeti, imebandikwa kwa ndani ya kabati la vyombo. Mgeni akija, baada ya chai, anafungua kabati: "Hili limetoka hapa." Ndiyo almasi pekee tuliyokuwa nayo nyumbani, na ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hata huo uwaridi tuliambiwa tu.

Lakini jambo ninalolifikiria zaidi kuhusu Mwadui ni nyumba. Mji wa kampuni una kanuni ambayo haiandikwi ukutani: unakaa kwa sababu unafanya kazi. Ukistaafu, ukipunguzwa, ukifa, ufunguo unarudi. Nilisoma na watoto ambao baba zao walifariki, na baada ya muda wa matanga familia inafunga vitanda kamba, inapakia lori, inakwenda "nyumbani", mahali ambapo watoto wenyewe hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Darasani dawati linabaki na nafasi, mwalimu anasogeza watu. Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Nyumba inamsubiri mfanyakazi mwingine, naye ana watoto.

Baba aliliona hilo la mbali. Wanaume wengi wa mgodini waliliona la mbali, kwa sababu balbu inabadilishwa, maji yanatoka, mshahara unaingia. Mama hakuliona la mbali. Alikuwa mtoto wa mkulima, na kwake mtu asiye na ardhi ni mtu aliyekaa kwenye kigoda cha mwenzake. Mwishoni mwa miaka ya 80 akaanza kukaanga maandazi, akamtuma dada yangu kuuza kwenye mabadiliko ya shifti. Faida hakuionyesha. Akanunua kiwanja Maganzo, kwa jina la mjomba kwanza, ndipo akamwambia baba. Baba alinuna. Alisema watu watadhani ana mpango wa kuacha kazi. Mama akajibu, "Kazi ndiyo itakuacha wewe," akaendelea kukanda unga.

Matofali tulifyatua wenyewe, likizo za shule. Udongo mweusi wa mbuga haufai, unapasuka. Ilibidi kutafuta mwekundu, mkokoteni wa ng'ombe ukauleta. Tunakanyaga tope kwa miguu, tunajaza kifyatulio, tunageuza, tunafunika nyasi yasikauke ghafla. Yakishakauka tunapanga tanuru, mdomo chini wa kuingizia kuni, tunalikandika kwa nje, linawashwa jioni na mtu halali. Usiku ule wa tanuru la kwanza baba alikuja. Alitoka shifti, hakupitia kota, akaja moja kwa moja na ovaroli yake. Akazunguka tanuru, akaweka kiganja karibu na ukuta kusikiliza joto kama anavyosikiliza pampu, akasema upande wa nyuma moto haufiki, fungueni tundu. Tukafungua. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi bati mbili au tatu zilinunuliwa, zikalala chini ya kitanda cha kampuni.

Mwaka 1994 De Beers walirudi, wakachukua asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Mitambo ikafufuliwa na kazi zikapangwa upya. Baba alistaafu miaka michache baadaye, akakabidhi ufunguo, na lori la kuhamisha vitu lilisafiri mwendo ambao ungeweza kutembea na ndoo kichwani. Majirani zetu wawili walikwenda Mbeya na Bukoba na sikuwaona tena. Sisi tulihamia Maganzo. Wiki za kwanza baba aliamka kwa king'ora, ambacho upepo ukivuma vizuri kilisikika hadi pale, akavaa, akakaa kibarazani na spana. Halafu watu wakaanza kumletea pampu za visima na mashine za kusaga, akapata kazi tena, safari hii bila kitambulisho.

Mengine mmeyasikia kwenye habari. Petra walinunua sehemu ya De Beers 2009. Timu ya Mwadui ilipanda Ligi Kuu 2015, ikatuheshimisha misimu kadhaa, ikashuka 2021, bado sijapona. Mgodi ulisimama 2020 wakati wa korona soko la almasi lilipoanguka, ukafunguliwa mwaka uliofuata. Na 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ukapasuka, tope likamwagika kwenye mashamba na nyumba za vijiji vya Ng'wanholo na Nyenze. Mama alinipigia simu asubuhi hiyo kabla redio haijasema, anataja majina ya watu ambao mashamba yao yamefunikwa, mmoja baada ya mwingine, kama anasoma mahudhurio. Mawe ya waridi nayo yameendelea kutoka: la karati 23.16 liliuzwa 2015 kwa zaidi ya dola milioni 10, na la karati 32.32 likauzwa 2021 kwa dola milioni 13.8.

Mama bado yuko kwenye ile nyumba. Aliongeza vyumba uani, amepangisha, na wapangaji wake wawili ni madereva wa malori makubwa ya mgodini. Siku hizi wengi wanaishi nje na kwenda kazini asubuhi. Ni vijana wazuri, wanamwita bibi, wanamnunulia vocha. Nilipokwenda mara ya mwisho mmoja wao alikuwa akimsomea kwenye simu habari ya bei ya lile jiwe la 2021, anazidisha dola kwa shilingi kwa sauti, sufuri zinamshinda anaanza upya. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akapeta mchele wake, akamuuliza hiyo ya umeme ya mwezi uliopita ataleta lini.